Askofu Aubrey Lathbury, Aliyeagwa Akabaki

Babu, mwaka umetimia tangu utuache, asubuhi ile ya Machi yenye manyunyu, Bibi Dorothea akiwa amekushika mkono na redio ikisoma habari za upepo wa baharini. Hukuwahi kuzikosa habari hizo, ingawa maisha yako yote hukumiliki hata kiboti cha kuchezea. Mama alinyoosha mkono aizime redio, Bibi akamwambia akuache umalizie. Ukamalizia. Msomaji alipofika pwani za kaskazini wewe ulikuwa umeshakwenda zako, kimya kimya, kama ulivyokuwa ukitoroka mikutano ya kamati.

Tulikaa kuamua nani aandike maneno haya. Mjomba Gervase alijitolea wa kwanza. Akaandika sentensi moja yenye vyeo vyako vyote, ikajaza ukurasa, na wewe mwenyewe humo hukuwemo. Mama alianza, akalia, akaacha. Ndipo Bibi akasema, "Mpeni Tamsin. Atamtania, lakini angalau tutajua anamsema nani." Basi ni mimi, mjukuu wako. Vumilia.

Wengi walikujua kwa kanzu ya zambarau na fimbo ya kichungaji, wakadhani ulizaliwa juu ya zulia. Ulizaliwa juu ya zizi, chumba cha darini. Baba yako alitunza farasi wa Hartsmere, nyumba ya kifalme, na mama yako alikuwa yaya wa Binti Mfalme Ottoline, ambaye ni binamu wa wafalme na ambaye mlilingana naye umri. Mlikula uji meza moja, mkagombania farasi mmoja wa mbao. Katika vita hivyo alikung'ata sikio, na alama ikabaki hadi uzeeni. Ulikuwa ukiwaonyesha watoto wa kipaimara, ukiwaambia askofu wao amepigwa muhuri wa kifalme, nao wakipanga foleni kuligusa.

Nyumba ile ndiyo iliyokulipia shule. Ilikununulia viatu, ikakupeleka chuo cha kanisa. Na mama yako hakuacha usahau. Kila jioni, akikuchana nywele, alikuwa akikuambia, "Nyumba hii inatulisha, Aubrey. Nyumba hii haiambiwi hapana." Ulikuwa mtoto mdogo siku ulipoandaliwa wali wa maziwa mezani kwa wakubwa. Ulikuwa ukiuchukia wali wa maziwa kuliko shetani. Ukaula wote kwa heshima. Wakafurahi, wakakuongeza. Ukaula. Wakakuongeza tena. Uliniambia kwamba hapo ndipo ulipoanza kuelewa mateso ya watakatifu.

Kazi yako ya kwanza ya ukasisi ilikuwa kwenye mji wa machimbo ya makaa huko Durham. Wachimbaji walisikia lafudhi yako ya Hartsmere wakakuita Mkuu wa Farasi. Uliwaomba wakushushe mgodini, wakakushusha kwa furaha kubwa, na ulipofika chini ukatapika juu ya buti za msimamizi. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Walikuwa wamekuja kumwona kasisi aliyetapika, na wengi wakaendelea kuja hata baada ya kukuona.

Kisha ukapewa parokia ya Thirley. Huko ulimkuta mpiga kinanda aliyepiga nyimbo haraka mno, waumini wakawa wanafika mwisho wa beti wamekosa pumzi. Ulimfuata baada ya ibada umwombe apunguze mwendo. Ukarudi umemwomba uchumba. Bibi anasema hakupunguza mwendo hata mara moja, na kwamba wewe ndiye uliyezoea kukimbia.

Ulipofanywa Askofu wa Ormchester, Mjomba Gervase alitarajia sasa utaanza kuwa mtu wa heshima. Pole yake. Uliendesha gari polepole kiasi kwamba watu wa barabarani walivua kofia wakidhani nyuma yako kuna jeneza. Kofia yako ndefu ya kiaskofu ulikuwa ukiikunja na kuiweka kwenye kopo la bati la keki, kwa sababu mfuko wake wa ngozi ulikuwa umeliwa na panya. Tunajua yaliyofuata. Siku ya kipaimara pale kanisa kuu, ukafungua kopo mbele ya kwaya, ndani mkawa na keki ya matunda ya Bibi. Kofia ilikuwa imekwenda kwenye mashindano ya keki ya akina mama. Uliwawekea watoto mikono bila kofia, na baada ya baraka ukaikata keki ukawagawia wote. Watani wa Thirley wanashikilia kwamba kofia nayo ilishika nafasi ya tatu.

Lakini habari ambayo kila mtu Ormchester huiulizia ni ile ya saa, nami naiandika kama ilivyokuwa, maana kila kasisi ana yake na zote zimetiwa chumvi.

Ulikuwa umebakiza miaka minne ustaafu. Ulikwenda Hartsmere kula chakula cha mchana na Binti Mfalme, kama ulivyokuwa ukifanya kila mwaka baada ya Pasaka. Mkuu wa kanisa la kifalme la pale alikuwa anaondoka kwa uzee. Mlipomaliza pudingi kukaingia kimya. Sisi watu wa huku kimya cha mezani hutuuma kuliko jino bovu, kwa hiyo Binti Mfalme akasema lililomjia kwanza.

"Sijui nani atakuja hapa baada yake. Wewe bila shaka una kazi nyingi mno."

Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, hakuwa na maana yoyote zaidi ya mtu anayesema leo kuna jua. Ila wewe ulisikia nyumba nzima ikikuita, na mama yako nyuma ya kiti ameshika kitana. Ukanyoosha mgongo, ukajibu kwamba ingekuwa heshima kubwa sana.

Yeye naye akasikia rafiki wa utotoni anayeitaka kazi ile kwa moyo wake wote na anaona haya kuomba. Maskini Aubrey, akajisemea, nitamnyimaje. Akamwita katibu wake, Bwana Loxley, mtu ambaye akiambiwa jambo leo jana limeshafanyika. Kwa mwendo wako wa gari, ulipofika nyumbani barua ya kukupongeza ilikuwa imekutangulia.

Babu, uliitaka kazi ile kama paka anavyotaka kuoga. Hartsmere kuna mbwa kila chumba, na wewe mbwa akipita hata upande wa pili wa barabara unapiga chafya. Hartsmere hakuna kuku, kwa sababu nyasi zake hukatwa kwa mkasi na hazikanyagwi na kitu chenye kucha, na Bibi bila kuku ni kama kinanda bila mpigaji. Na zaidi ya yote kulikuwa na ahadi. Makanisa madogo ya vijijini, yale yenye wazee wachache na popo wengi, ulikuwa umeyazungukia moja moja na kuwaambia watu wake kwamba maadamu wewe ni askofu halitafungwa hata moja. Kamati ya majengo ilikuwa inasubiri askofu mwingine. Wote mlilijua hilo. Ukiondoka tu, kufuli zinaanza.

Ungeweza kusema hapana. Ni neno fupi, watoto wa chekechea wanalimudu. Lakini wewe ulikuwa umefika umri wa miaka sitini na kitu hujawahi kuliambia lango lile.

Ulimweleza Bibi ukiwa bado umevaa koti. Akakusikiliza, akapanga sahani, akasema, "Vizuri sana, mpenzi." Kwa wasiotujua, maneno hayo kwetu hutumika paa likishika moto. Wewe uliyajua tangu ujana. Lakini siku hiyo ukaamua kuyaamini, kwa sababu ulikuwa unamwogopa Mungu na unaiogopa Hartsmere, na Mungu ndiye mpole.

Bibi akaanza kugawa kuku. Alimpa jirani wawili, akampa mke wa mkulima watatu, huku akiimba. Ukamtazama dirishani ukajiambia, kumbe mwenzangu anafurahia kuhama. Yeye akakuona dirishani unatabasamu, akajiambia, kumbe mume wangu ameitaka kazi hii miaka yote. Kwa hiyo mkawa watu watatu, wewe, Bibi na Binti Mfalme, kila mmoja anameza mwiba kwa ajili ya mwenzake, na kila mmoja anamwambia mwenzake chakula ni kitamu.

Miezi ikapita. Ulikonda. Dayosisi ikachangia saa ya ukutani ya mti wa mwaloni yenye kibao cha shaba: Kwaheri Askofu wetu mpendwa, kutoka kwa watu wako wa Ormchester. Siku ya ibada ya kukuaga ikapangwa, kwaya ikaanza mazoezi. Mama ndiye aliyejaribu. Alikufuata bustanini ukiwa umesimama mbele ya banda tupu la kuku, akakuuliza kama kweli unataka kwenda.

"Nyumba ile imenilea, Rosalind."

"Hilo si jibu, Baba."

"Najua. Ndilo pekee nililo nalo."

Mama akaingia ndani akavunja bakuli. Alisema lilimponyoka.

Ikawa imebaki wiki moja uagwe, Binti Mfalme akaja kunywa chai kwenu, akiwa na mbwa wawili wadogo wenye manyoya kama ufagio. Tulikuwepo sote: Mama, Mjomba Gervase ndani ya tai mpya, mimi, na Bibi nyuma ya birika. Kulikuwa na sandwichi za tango na keki. Kwa muda wa kikombe kizima mlisifia hali ya hewa, mkasifia keki, mkasifia Hartsmere. Ungedhani ni watu wanaouziana nyumba mbovu.

"Natumaini mbwa hawatakusumbua," akasema Binti Mfalme.

"Hata kidogo," ukasema, ukapiga chafya.

"Maana hulala kanisani wakati wa ibada."

"Itapendeza." Chafya.

"Huyu mdogo hupenda kupanda mapajani kwa mhubiri."

"Na apande," ukasema, macho yamevimba, machozi yanakutoka. Mbwa akapanda. Ukapiga chafya moja iliyorusha kikombe, chai ikakumwagikia kwenye msalaba wa kifuani, na ukasema, huku unafutwa, kwamba unawapenda sana viumbe hawa.

Bibi akacheka. Alijaribu kuzuia kwa leso, leso ikashindwa. Alicheka akashika meza, na sisi tukaanza kucheka naye, mpaka tukagundua mmoja mmoja kwamba kicheko chake kilikuwa kimegeuka na hatukuona kiligeukia wapi. Alikuwa analia. Bibi, ambaye hata misibani ndiye mgawaji leso, analia mbele ya mgeni wa kifalme na kisu cha keki mkononi.

"Dorothea," ukasema, "una nini?"

"Samahani. Si kitu. Ni kuku tu."

Ukamshusha yule mbwa chini. Ukasimama. Nimewahi kukuona ukizika watoto, Babu, na ukiwakabili wenye hasira waliofunga barabara, na sikuwahi kuuona uso ule. Ulikuwa umeogopa. Mikono yako ilikuwa ikitafuta mahali pa kushika, ikapata kiti.

"Ottie," ukasema. Jina hilo halikuwa limesikika tangu enzi za farasi wa mbao. "Hapana. Sitaki kuja Hartsmere. Nisamehe, lakini sitaki."

Mjomba Gervase alifumba macho kama anayengoja radi. Binti Mfalme aliweka kikombe chake chini taratibu, akakisogeza katikati ya kisahani.

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Wala mimi sikutaki."

"Hunitaki?"

"Nikutakie nini, Aubrey? Unapiga chafya, unanifunga kwenye karata, na ukihubiri juu ya dhambi za utotoni unanitazama kwa sababu ulikuwepo."

"Mbona uliniita basi?"

"Sikukuita. Nilikuwa naongea tu. Wewe ndiye uliyesema heshima kubwa."

"Ulitaka niseme nini?"

"Ulilolisema sasa hivi, bwege wewe. Ungelisema siku ile, Loxley angenipa amani yangu na huyu mama angekuwa na kuku wake."

Ukakaa. Ukamwambia kwamba mama yako alikufundisha nyumba ile haiambiwi hapana. Binti Mfalme akakugeukia, mbwa wakinusa viatu vyenu.

"Yaya alikuambia hivyo? Mimi alikuwa akiniambia hapana kutwa nzima. Hapana usipande, hapana usile hiyo, hapana huendi. Ndiyo maana nilimpenda. Nyumba nzima ile, ni yeye peke yake aliyethubutu."

Ulitoa leso ukapenga kamasi, na sisi kwa adabu tukasema ni mbwa.

Kulitengua jambo lile kulikuwa kazi ngeni. Bwana Loxley alipopewa habari aliomba kuketi. Lakini kwaya ilikuwa imeshajifunza wimbo, akina mama wameshaoka, na huku kwetu keki ikishaokwa shughuli haiahirishwi. Kwa hiyo ibada ya kukuaga ilifanyika vilevile. Ulihubiri ukawaambia watu kwamba huondoki. Walilia hata hivyo, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kulia, wakakukabidhi saa yako, wakakushika mkono mlangoni kila mmoja akikutakia maisha mema uendako. Jumapili iliyofuata ulitokea kwenye kanisa moja la popo, na mzee mlinda mlango akakuuliza umesahau nini.

Baada ya hapo ukawa hatari. Mtu aliyejifunza neno ukubwani hulitumia kupita kiasi. Uliiambia hapana kamati ya majengo, na kufuli hazikununuliwa. Kanisa la popo liko wazi mpaka leo, wazee wamepungua, popo wameongezeka. Ulimwambia hapana Mjomba Gervase alipotaka picha yako ichorwe na fimbo. Mwaka ule ule uliandaliwa wali wa maziwa katika chakula cha jioni cha maaskofu, ukausukuma mbali mbele ya watu wote, Bibi anasema kwa uso wa mtu aliyefunguliwa pingu. Na kuku walirudi, wote isipokuwa mmoja ambaye mke wa mkulima alikiri, baada ya maswali machache, kwamba walikuwa wameshamla.

Miaka minne ilipokwisha, ukastaafu kwelikweli. Dayosisi ilikutana kujadili zawadi. Wakakupa mkono. Saa, walisema, ulishapewa.

Mkahamia nyumba ndogo ya Thirley, karibu na ukuta wa makaburi. Hiyo ndiyo miaka niliyokufahamu vizuri. Ulinifundisha karata, ukanifunga, ukaniomba radhi, ukanifunga tena. Nilipofeli hisabati mara ya kwanza uliniandikia barua yenye neno moja, "Tena." Nilipofaulu uliniandikia nyingine, neno moja pia, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu maaskofu hawatakiwi kulijua.

Ugonjwa ulipokuja ulikuja taratibu. Uliwakataza wageni kukuambia unaonekana vizuri. Ukasema wanaotaka kudanganya wamdanganye daktari, yeye amezoea. Majira yale ya baridi ndipo barua ilipotoka Hartsmere, kwa mkono wa Bwana Loxley: Askofu Lathbury, kwa utumishi wake wa muda mrefu, amepewa nafasi ya kuzikwa ndani ya kanisa la kifalme.

Mjomba Gervase aliisoma amesimama. Akaanza kueleza jiwe litakavyokaa, kati ya mtawala fulani na bibi fulani wa ukoo wa kifalme, na namna watalii watakavyopita wakisoma jina letu. Mama alimtazama Bibi. Bibi alikuwa anakunja shuka. Sote tulijua hesabu yake: Bibi hana nafasi Hartsmere. Ni ya mtu mmoja. Ungelala huko na marumaru, yeye angelala Thirley na mvua. Bibi alinyoosha shuka, akalinyoosha tena mahali palepale.

"Nipeni simu," ukasema.

Mjomba akasema mambo haya hayafanywi kwa simu. Ulinyoosha mkono tu, mkono uliobaki mifupa, mpaka nikakupa. Sauti yako ilikuwa imebaki kidogo, kwa hiyo tulinyamaza wote hata kuku nje tukawasikia.

"Ottie. Kuhusu lile kaburi. Hapana, asante. Mimi nalala na Dorothea."

Kutoka upande wa pili sauti ya Binti Mfalme ikaja, ya kizee na kali, kila mtu chumbani akaisikia.

"Umeniokoa. Imebaki nafasi moja tu, Aubrey, na nimekuwa nikiitamani mimi mwenyewe tangu nina miaka hamsini. Iko mbali na upepo. Nilikuandikia kwa adabu."

Ulicheka, Babu. Ulicheka mpaka muuguzi akaja mbio, akakuta mgonjwa amekumbatia simu anatweta, na upande wa pili kizee kingine kinacheka, na mke wa mgonjwa amekaa kitandani na shuka lake, uso umemfunguka kama dirisha la asubuhi. Bibi alikushika lile sikio lenye alama, akalivuta kidogo. Hiyo ndiyo siku ninayokukumbuka zaidi ya zote. Uliishi baada yake wiki chache, wala sikumbuki kama kulikuwa na jambo jingine uliloonekana kulihitaji.

Tulikuzika Thirley, upande wa ukuta wenye ufa. Kuku hupita kwenye ufa huo, na Mjomba Gervase ameandika barua mbili kwa kasisi mpya kulalamika. Bibi amemjibu kwa niaba ya kasisi. Jibu ni fupi.

Binti Mfalme huja siku za Jumanne. Mara ya kwanza alikuja akidai kwamba anapita tu, ingawa Thirley si njia ya kwenda popote. Alikaa jikoni, akaanza kuuliza kama Bibi hangependa wafanyakazi wa Hartsmere waje wapunguze majani makaburini, wapande waridi, waweke uzio mzuri wa chuma. Bibi alimmiminia chai.

"Hapana, Ottoline," akasema. "Kunywa hiyo kwanza ingali moto, halafu tutakwenda kumwona kama alivyo."

Binti Mfalme akanywa chai yake yote kama mtoto, wakavaa mabuti, wakaenda wameshikana mikono kwenye matope, wazee wawili, wanabishana kuhusu namna ulivyokuwa ukipanga karata. Sasa wanabishana kila Jumanne. Ungefurahi. Au ungetoroka, kama kwenye kamati.

Jumapili hii tutakusanyika Thirley kwa ibada ya kukushukuru. Kinanda atapiga Bibi, kwa hiyo wanaokuja wavute pumzi ya kutosha mapema. Chai itakuwepo. Wali wa maziwa hautakuwepo.

Unakumbukwa na mkeo Dorothea, ambaye sasa anaimba tu bila sababu, bintiyo Rosalind, mwanao Gervase, ambaye ameomba iandikwe kwamba tai aliyovaa siku ile haikuwa mpya, mjukuu wako Tamsin, na Ottoline, aliyesema hapa asiwekewe cheo. Unakumbukwa na watu wa Durham waliobaki na buti zao, na watu wa Ormchester waliokuaga wakabaki na wewe.

Hatupitishi siku bila wewe, Babu, wala hatutapitisha. Na hili, tafadhali, usidhani tunalisema kwa adabu.